Kuponi Nyuma ya Uso wa Velveti

Kama gazeti la wiki jana umeshalifutia vioo, si neno. Nitakurudisha nyuma kidogo, halafu twende.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja. Kazi yangu ni kupanga kurasa. Nimezipanga katika viwanda vya chapa kumi na kimoja, katika miji ambayo mingine nimeisahau njia ya kuingilia. Njia za kutokea nazikumbuka zote. Shule nilisoma kwa vipande: darasa huku, nusu darasa kule, yaliyobaki nikayasoma kinyumenyume kwenye herufi za risasi, zile za kupanga kwa mkono.

Binti yangu nilimwacha akiwa na miaka sita. Nilimwambia, "Narudi Ijumaa." Nimerudi mwaka jana.

Alinifungulia mlango. Hakulia, hakunikumbatia, hakunitukana. Alilitazama begi langu akasema, "Baba, chumba cha nyuma kipo. Ila tusikilizane. Utafanya kazi moja, mahali pamoja, mwaka mmoja. Siku ukiacha au ukiachishwa, begi hilo hilo lililokuleta ndilo litakalokupeleka."

Nikakuta nyumba ile ina msemo wake. Mtu akiahidi kitu kisichotimia, wanasema, "Hiyo ni Ijumaa ya Babu." Fundi bomba asipotokea: Ijumaa ya Babu. Umeme ukikatika wakaambiwa utarudi baada ya saa moja: Ijumaa ya Babu. Mjukuu wangu aliusema msemo huo tangu hajajua kwamba babu mwenyewe ni mtu, ana miguu, anakoroma.

Mjukuu huyo ana miaka kumi na minne. Kwa wembamba wake na ulimi wake wenzake wanamwita Sindano. Miezi yangu ya kwanza pale nyumbani alikuwa na maneno mawili tu kwangu: "shikamoo" na "mama anakuita".

Kisha nikapata kazi kwenye jarida la muziki la wasichana, *Rangi Tisa*. Nilimuuliza mhariri kwa nini tisa. Akasema saba za upinde wa mvua wameshazizoea.

Siku niliyoleta nyumbani kurasa za majaribio, Sindano alizitazama kwa jicho la pembeni. Halafu hakuweza kujizuia.

"Babu, vichwa vya habari vyako vimesimama kama foleni ya hospitali."

"Unataka vikae?"

"Nataka vicheze! Huu ni muziki au tangazo la msiba?"

Tangu jioni ile akawa mwalimu wangu. Aliniambia rangi ya waridi ni ya vichanga. Aliniambia msichana hasomi jarida kuanzia mbele, anaanzia katikati, kwenye bango, kwa sababu bango ndilo linalokwenda ukutani. Akanipa jina, Babu Fonti. Miaka yote ya kuzurura nimeitwa majina mengi, lile peke yake ndilo nililoitikia kwa furaha.

Wiki jana niliishia Jumapili mchana, siku moja kabla ya kuchapa toleo la kwanza, pale Sindano alipoweka kidole juu ya karatasi akasema, "Babu, hapa pana balaa."

Balaa lenyewe ni hili.

Jarida lilikuwa na kurasa thelathini na mbili. Katikati kabisa, ukurasa wa kumi na sita na wa kumi na saba, lilikaa bango la Velveti, yule mwimbaji wao ambaye akikohoa tu wasichana wanazimia. Na palikuwa na shindano: kata kuponi, jaza jina, tuma, mmoja atakayebahatika atashinda siku nzima studio na Velveti. Kuponi niliipanga ukurasa wa mwisho. Saa za mwisho mwenye kiwanda cha sabuni akaja na tangazo, akautaka ukurasa wa mwisho.

"Mzee, itafutie kuponi mahali," mhariri akasema.

Nikaitafutia. Ukurasa wa kumi na nane ulikuwa na nafasi. Nikaiweka.

Zamani kosa kama lile nisingelifanya hata nikiwa na homa. Zamani, kabla ya kupanga chochote, unachukua karatasi tupu, unazikunja, unazipachika moja ndani ya nyingine, unaziandika namba kwa penseli. Unapata kijitabu cha mfano. Unakifunua, unaona kipi kiko mgongoni mwa kipi. Nilikikunja kimoja wiki yangu ya kwanza pale ofisini. Mhariri akakiinua mbele ya watu wote.

"Mzee, hii nini? Ndege ya karatasi?"

Wakacheka. Sikukunja tena. Nikawa napanga kwenye kioo cha kompyuta kama wao, na kwenye kioo kurasa hazina mgongo.

Lakini nyumbani nilikuwa nimemfundisha Sindano kukunja. Jumapili ile alikuwa amekikunja kijitabu chake, karatasi nane, kila ukurasa ameuchora kwa penseli. Akachukua mkasi wa mama yake akaikata kuponi ukurasa wa kumi na nane. Kisha akafungua bango.

Velveti alikuwa na tundu mahali pa jicho. Sindano akaliinua bango usoni, na jicho lake mwenyewe likanitazama kupitia tundu lile.

"Ukikata kuponi unamtoboa Velveti," akasema. "Usipokata hushindi. Babu, hakuna msichana atakayekata. Na atakayekata atalia."



"Si bado hawajachapa? Waambie kesho." Akaandika pembeni ya kijitabu, kwa mwandiko wake wa kulala: *Babu, kuponi ipo nyuma ya uso. Waambie kesho asubuhi.* Akakitia mfukoni mwangu, akapapasa mfuko kwa kiganja. "Usisahau, Babu Fonti."

Sikusahau. Laiti ningesahau, leo ningekuwa na la kujitetea.

Jumatatu nilifika kiwandani mtambo umeshawashwa. Mhariri, amevaa kama mama wa bibi harusi, alikuwa pale na yule mwenye sabuni. Fundi mitambo, mtu mzima kama mimi, alichomoa karatasi ya kwanza akaiinua kwenye mwanga. Aliigeuza. Akaigeuza tena. Kisha akanisogelea akasema kwa sauti ya chini:

"Mzee mwenzangu, umeona?"

"Nimeona."

"Nisimamishe?"

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe chekundu. Neno moja tu lilitakiwa, tena fupi.

Nikamtazama mhariri. Nikaona atakavyonigeukia mbele ya mwenye sabuni. Nikaona begi langu mlangoni kwa binti yangu.

"Mzee, unasemaje?" mhariri akaniita kwa furaha. "Toa neno!"

"Rangi zimetoka vizuri," nikasema.

Fundi akaondoa kidole. Hakunitazama tena siku ile.

Jioni Sindano alikuwa amesimama mlangoni kunisubiri.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Mhariri amesema... amesema haiwezekani. Muda umekwisha."

"Mhariri mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ana kiburi huyo," akasema. Akakichomoa kijitabu mfukoni mwangu akakiweka kwenye begi lake la shule, kama mtu anavyoweka cheti. "Si kosa lako, Babu. Wewe umesema."

Nilikunywa chai yangu. Haikuwa na ladha, na sukari nilitia mwenyewe.

Alhamisi jarida likaingia mitaani. Nilisimama karibu na kibanda cha magazeti kama mwizi anayerudi kuangalia alipoiba. Wasichana wawili walinunua moja, wakakaa kwenye ngazi za duka, wakatoa mkasi. Yule wa kwanza alikata. Wa pili akafunua katikati.

Ukelele ule ungedhani mtu kakanyagwa.

Walibishana, wakatikisana, mmoja akafuta machozi kwa tai ya shule. Kisha wakasimama, wakarudi kibandani, wakanunua jingine. Moja la kukata, moja la ukutani.

Sikuelewa nilichokiona mpaka Jumatatu, mhariri alipoingia ofisini anapiga makofi.

"Yamekwisha! Yote! Wauzaji wanasema kila msichana ananunua mawili!" Akasimama mbele ya meza yangu, macho yameanza kubana. "Hebu subiri. Kuponi kukaa pale nyuma ya uso... Mzee. Ulifanya makusudi?"

Wasomaji wangu, nilikuwa na nafasi ya pili. Mungu ana ukarimu na watu wa aina yangu, sijui anaona nini kwetu. 

"Bosi," nikasema, "jungu kuu halikosi ukoko."

Ofisi nzima ikalipuka. Nikaletewa kiti chenye magurudumu, chenye kuegemea. Mhariri akaninong'oneza, "Na ile ndege yako ya karatasi, mzee, nisamehe." Nikazunguka kwenye kile kiti mara moja, kuwaridhisha. 

Jumatano mhariri akaenda redioni. Sisi tulikuwa sebuleni, binti yangu anapanga sare zake za duka la dawa, Sindano ana hesabu zake.

"Siri yetu?" sauti ya mhariri ikacheka. "Tuna mzee mmoja pale, mwerevu kuliko sisi wote. Kuponi aliiweka pale makusudi kabisa! Akajua watanunua mawili."

Binti yangu akazima redio.

"Baba. Yaani mliwatega watoto?"

Kabla sijajibu, Sindano alishasimama. "Mama, si kweli! Babu alimwambia. Nilimwandikia mimi mwenyewe. Huyo mwanamke anamsingizia!" Akanigeukia. "Babu, leo shuleni wamenizomea. Wananiita mjukuu wa mtego. Yule ninayekaa naye dawati moja hakuwa na jarida la pili, alikata bila kugeuza. Amelia mpaka pumzi zikamkata. Nimewaambia wote wewe ulijaribu kuzuia. Si ulijaribu?"

Binti yangu aliiweka chini sare aliyoishika. Alikuwa ananitazama kama anavyotazama vyeti vya dawa asivyoviamini mwandiko wake.

"Nilijaribu," nikasema.

"Basi kwa nini hujitetei?"

"Achana nayo, mjukuu wangu. Haya ni mambo ya wakubwa."

"Wakubwa gani," Sindano akasema, "wanaomwonea mzee?"

Hakuna aliyewahi kunitetea namna ile. Na mtu aliyenitetea nilikuwa namjaza uongo kama gunia.

Sasa tufike Ijumaa.

Saa nane na nusu mchana meneja wa Velveti aliingia ofisini. Miwani myeusi, ndani ya chumba. Alikuja kushuhudia bahati nasibu, kumchagua mshindi. Kuponi zilikuwa kwenye gunia. Mhariri akalimwaga gunia juu ya meza kubwa, zikatapakaa mpaka sakafuni.

Nyingine zikalala kifudifudi, nyingine chali.

Meneja akavua miwani. Akaokota moja. Akaokota nyingine. Akazigeuza kwa kidole, tano, kumi, ishirini.

"Haya," akasema taratibu, "ni macho."

 Meza yote ilikuwa inatutazama. Mamia ya jicho lile lile la kushoto, na kipande cha pua.

"Msanii wangu tangu jana hatoki chumbani. Kuna shabiki alimtumia bango, lina tundu. Ameona. Anasema jicho linamwasha. Nikamwambia ni vumbi. Sasa nitamwambia nini? Kwamba jicho lake liko guniani?"

"Meneja, tuketi," mhariri akaanza, "tuagize chai..."

"Sitaki chai. Nataka neno moja. Kosa au makusudi? Kama ni kosa, binadamu hukosea, tutapiga picha nyingine, mtaomba radhi, yamekwisha. Kama ni makusudi, kama mlimtoboa mtu jicho ili muuze karatasi, tutaonana kwa wakili. Na redioni nimesikia makusudi."

Mhariri alipauka. Kisha shingo yake ikageuka polepole kuelekea kile kiti cha magurudumu.

"Mzee ndiye aliyesema makusudi. Sema, mzee. Ulifanya makusudi, au ulitudanganya na ule ukoko wako?"

Nilisimama. Kiti kikarudi nyuma peke yake, kikagonga ukuta.

"Ni kosa, bwana meneja," nikasema. "Sikuona. Bosi aliponiuliza niliona aibu, nikajikweza. Ni macho yangu tu. Uzee."

Meneja alinitazama sana. "Macho tena," akasema. Halafu, amini usiamini, akatabasamu. "Baba yangu naye anavaa soksi mbili za rangi tofauti, ukimwambia anasema ndiyo mtindo. Haya. Mtu haoni, utamfanyaje?"

Mhariri akavuta pumzi. "Basi, mzee. Nimekasirika, sikufichi. Ila siwezi kumfukuza mtu kwa sababu macho yamechoka. Tutachapa radhi. Na wewe utarudia kukunja ndege zako za karatasi. Kila toleo. Umenisikia?"

"Nimesikia, bosi."

Nilikuwa nimeokoka. Nimevuliwa uerevu, nimebaki mzee kipofu, lakini mzee kipofu mwenye kazi. Begi langu litabaki chini ya kitanda. Nilianza hata kuokota kuponi sakafuni, kwa magoti, nafsi imeshuka.

Mlango ukafunguliwa bila hodi.

Sindano. Sare ya shule, soksi zimeshuka, anahema. Alitembea kutoka shuleni, mwendo wa saa nzima.

"Shikamooni," akasema, maana mama yake kamlea vizuri hata akija kwa vita. Kisha akaona niko magotini. Uso wake ukabadilika.

"Babu, inuka."

"Mjukuu wangu, nenda nyumbani, nitakuja..."

"Inuka, Babu. Usiwapigie magoti." Akamkabili mhariri. "Wewe ndiye mhariri? Babu yangu hakufanya makusudi."

"Tunajua, binti," mhariri akasema kwa upole. "Yameshakwisha. Ametuambia hakuona."

"Hakuona?" Sindano akacheka kwa hasira. "Babu aone kila kitu, asione hilo? Anawafichia aibu! Aliona tangu Jumapili, kabla hamjachapa. Jumatatu alikuja akakwambia, wewe ukamjibu haiwezekani, muda umekwisha. Kisha ukaenda kumsema redioni. Ushahidi huu hapa."

Akafungua begi lake la shule. Akakitoa kijitabu, karatasi nane, zimelainika kwa kubebwa. Akakiweka katikati ya macho yale yote.

Meneja akakichukua. Akasoma yale maandishi ya penseli kwa sauti, neno kwa neno, kama hakimu. "*Babu, kuponi ipo nyuma ya uso. Waambie kesho asubuhi.*" Akafungua bango. Akapitisha kidole chake kwenye tundu la jicho, kikatokeza upande wa pili.

Tabasamu lake lilikuwa limekwisha.

"Kwa hiyo mzee aliona," akasema.

"Mimi nimeambiwa lini?" Mhariri alikuwa amesimama. "Mimi? Jumatatu nilikuuliza mbele ya watu, ukasema rangi zimetoka vizuri! Mzee, nitazame. Uliniambia, au hukuniambia?"

"Mwambie, Babu," Sindano akasema. Alikuwa amekuja kusimama pembeni yangu, bega lake kwenye mkono wangu. "Usiogope. Mwambie."

Hapo ndipo nilipojifikisha, kwa miguu yangu. Nikisema nilimwambia, namtia mhariri matatani kwa jambo asilolijua, na fundi mitambo yupo, atasema. Kazi imekwenda, na begi. Nikisema sikumwambia, kazi imekwenda vile vile, na yule anayeegemea mkono wangu atajua alikuwa anamtetea nani.

Nilitafuta neno. Nimepanga maneno ya watu wengine miaka hamsini, mamilioni. La kwangu halikuja.

Kilichokuja ni miguu. Niliisikia inatembea kabla sijaituma. Niliusikia mkono wangu unashika kitasa, na sauti yangu, ile ile ya zamani, nyepesi, ya mtu mwenye haraka ndogo tu:

"Ngojeni hapo kidogo. Nakwenda chooni, narudi."

 

"Babu."

Hakupaza sauti. Ile sauti haikuwa tena ya Sindano. Ilikuwa ya mtoto wa miaka sita niliyemwacha mlangoni, na nikajua mama yake kamsimulia kila kitu, hata mkono ulivyokaa kwenye kitasa.

"Unarudi," akauliza, "au unarudi Ijumaa?"

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Na mlango nilikuwa nimeshaufungua nusu.